Somo la Redio kwa Watu Wazima: Kufuli la Lori Linapokwama Siku za Baridi

Ninasema nanyi kutoka Morogoro Mjini, chini ya milima ya Uluguru. Kaeni vizuri. Fungueni madaftari yenu. Kila mtu ashike penseli yake, kwa maana leo penseli ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuandika, nanyi mwaijua. Kazi ya pili nitawaambia kabla somo halijaisha.

Leo tutajifunza habari za kufuli. Labda utasema moyoni, "Mimi sina lori. Kufuli la lori lanihusu nini?" Ngoja kwanza. Mlango wa nyumba yako una kufuli. Ghala ya kijiji ina kufuli. Hata baiskeli hufungwa kwa kufuli. Mambo tutakayosema leo yatamfaa kila mtu. Lakini tutaanza na lori, kwa sababu kufuli la lori hupata taabu kuliko mengine yote. Hulala nje, hunyeshewa mvua, hupigwa na vumbi, hupanda mlimani penye baridi, kisha hushuka mjini penye joto. Yote hayo huweza kulipata kwa siku moja.

KISA CHA SOKONI

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai nilikwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu kununua njegere. Nilikuta lori limesimama, limetoka Nyandira usiku. Ndani yake mlikuwa na kabichi, karoti na magunia ya njegere. Juu ya mzigo palikuwa na turubai. Mnyororo ulipita katika pete za turubai, ukashuka mpaka kwenye mlango wa nyuma wa lori, na hapo ukafungwa kwa kufuli moja kubwa.

Dereva alitia ufunguo. Ufunguo uliingia, lakini haukuzunguka. Akajaribu tena. Wapi! Utingo akaleta nyundo, akalipiga kufuli mara nyingi. Halikufunguka. Kisha akachukua plaizi, akaushika ufunguo kwa plaizi, akaukaza kwa nguvu zake zote. Tukasikia mlio mdogo, "ta!" Nusu ya ufunguo ikabaki kwenye plaizi, na nusu ya pili ndani ya kufuli.

Wenye mali walikuwa akina mama watatu waliokuja na lori hilo. Walikaa kando ya barabara wakitazama. Jua likapanda. Wanunuzi wa jumla, ambao huja alfajiri, wakanunua kwa watu wengine wakaenda zao. Ilipata saa mbili nzima kabla hajapatikana fundi mwenye msumeno wa chuma. Alipokata kufuli na kufungua turubai, njegere zilizokuwa katikati ya mzigo zilikwisha pata joto, na mama mmoja aliuza gunia lake kwa bei ya hasara.

Fundi yule alikuwa mzee. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akanionyesha lile kufuli lililokatwa. Tundu la ufunguo lilikuwa na tope jekundu na kutu kidogo. Akasema kwamba kufuli halikuwa bovu. Mzigo ulikuwa umeegemea mlango wa nyuma, mlango ukauvuta mnyororo, na mnyororo ukalibana kufuli. Kama mtu mmoja angeusukuma mlango kwa bega, na mwingine akatia matone machache ya mafuta, huenda ufunguo ungezunguka kwa vidole tu.

Ndugu wanafunzi, hilo ndilo somo letu. Kufuli halikwami bila sababu. Mwenye kuitafuta sababu hulifungua. Mwenye kutumia nguvu kwanza huvunja ufunguo, na hasara huwapata watu ambao hawakushika nyundo wala plaizi.

KUFULI LINAFANYAJE KAZI?

Kama mna kufuli darasani, mwalimu alishike juu ili wote walione. Kufuli lina mwili, nao ndio sehemu nene. Lina chuma kilichopinda juu yake. Hicho tutakiita upinde. Chini au ubavuni lina tundu la ufunguo.

Ndani ya makufuli mengi ya siku hizi mna vijiti vidogo vya shaba, vinne au vitano. Kila kijiti kinasukumwa na springi ndogo, nyembamba kama uzi. Usipotia ufunguo, vijiti hivyo huzuia kitovu cha kufuli kisizunguke. Sasa tazama meno ya ufunguo wako. Jino moja ni refu, jingine fupi. Unapotia ufunguo, kila jino hukiinua kijiti chake mpaka kimo kinachotakiwa, hakizidi wala hakipungui. Vijiti vyote vikifika mahali pake, kitovu huzunguka, ulimi wa ndani huuacha upinde, na kufuli hufunguka.

Jambo la kukumbuka ni hili: vijiti na springi hizo ni vidogo sana, na nafasi kati yake ni nyembamba. Chembe chache za mchanga zaweza kukizuia kijiti kimoja. Kijiti kimoja kikikataa, kufuli zima limekataa. Ndiyo maana nyundo haisaidii. Nyundo hupiga mwili wa nje, na taabu iko ndani.

KWA NINI KUFULI HUKWAMA?

Sababu kubwa ni nne. Ziandikeni.

Sababu ya kwanza ni kutu. Chuma kikipata maji na hewa pamoja, hugeuka kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Mama akiloweka maharage makavu usiku, asubuhi huyakuta yamejaza sufuria. Kutu nayo hufanya vivyo hivyo: huvimba katika nafasi nyembamba na kuzibana sehemu za kufuli. Shaba haishiki kutu kama chuma. Lakini kufuli lenye mwili wa shaba mara nyingi lina upinde wa chuma, na baadhi ya sehemu zake za ndani ni za chuma. Kwa hiyo usidanganyike na rangi ya dhahabu ya nje.

Sababu ya pili ni vumbi. Barabara zetu za milimani zina vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Gurudumu la nyuma hulirusha vumbi hilo juu ya mlango wa nyuma, palepale penye kufuli. Kama kufuli limepakwa grisi nzito, vumbi hunasa. Vumbi na grisi vikichanganyika huwa kama udongo wa mfinyanzi.

Sababu ya tatu ni baridi, na hapa yatupasa tutulie kidogo. Watu wengi husema, "Baridi imekikaza chuma." Ni kweli chuma hupungua kikipoa, lakini hupungua kidogo mno. Chuma chenye urefu wa mita 1, kikipoa kwa nyuzi 10, hupungua kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kufuli lako lina urefu wa sentimita chache tu. Basi kupungua kwake huwezi kukuona kwa macho. Baridi peke yake siyo inayofunga kufuli. Adui hasa ni maji, na baridi ndiyo inayoyaleta.

Maji hayo hutoka wapi, na mvua haikunyesha? Fikiri chupa ya soda iliyotoka katika barafu. Ukiiweka mezani, baada ya muda kidogo inatoka jasho. Maji yale hayakutoka ndani ya chupa. Yametoka katika hewa, yakagusa kitu cha baridi, yakawa matone. Kufuli nalo hutoka jasho. Morogoro Mjini tuko kadiri ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kimhandu katika Uluguru kinapita mita 2,600. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6. Hapa mjini pakiwa na nyuzi 25, mahali palipo juu kwa mita 1,000 zaidi patakuwa na nyuzi kama 19, na usiku hupungua zaidi. Huko Mgeta na Nyandira, mwezi wa Juni na Julai, ukungu hushuka na umande hutanda. Chuma cha lori hupoa usiku kucha. Umande hukikalia nje, na unyevu huingia hata ndani ya tundu la ufunguo. Alfajiri lori likishuka na kukutana na hewa ya joto yenye unyevu, chuma kilicho baridi hutoka jasho tena. Hivyo kufuli hulowa bila ya tone moja la mvua.

Tena baridi hugandisha mafuta mazito. Mwajua mafuta ya nazi: mchana wa joto ni maji, asubuhi ya baridi yameganda chupani. Mafuta ya kupikia na grisi mbaya hufanya hivyo ndani ya kufuli. Springi ndogo hazina nguvu ya kusukuma kijiti katika mafuta yaliyoganda.

Je, kufuli laweza kuganda kwa barafu? Hapa mjini, hapana. Lakini madereva wetu husafiri. Wako wanaokwenda Njombe, Makete na nyanda za Kitulo kuchukua viazi, na huko mwezi wa Juni na Julai hutokea jalidi, yaani umande ulioganda ukawa barafu nyeupe juu ya majani. Maji huganda yakifika nyuzi 0. Yakiganda huvimba kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi. Katika nchi kama Marekani na Kanada, wenye pikapu zenye vifuniko vya nyuma huamka asubuhi wakakuta makufuli yao yamejaa barafu. Taabu yao na yetu zina mzizi mmoja: maji yameingia penye tundu. Kwao maji yameganda, kwetu yamezaa kutu.

Sababu ya nne ni kubanwa, nayo ndiyo iliyotokea pale sokoni. Wakati wa safari mzigo husogea. Kwenye mteremko au kona, magunia huegemea mlango wa nyuma. Mlango husukuma komeo au mnyororo, navyo huuvuta upinde wa kufuli. Upinde ukivutwa kwa nguvu hukaza juu ya ulimi wa ndani, na ulimi hauwezi kurudi. Hapo hata kufuli jipya lililotoka dukani leo litakataa.

UFANYE NINI?

Sasa tuseme kufuli limekataa. Umesimama mbele yake, watu wanakungoja, na roho inakuchemka. Fuata hatua hizi moja baada ya moja. Usiruke hata moja.

Hatua ya 1. Simama, tazama. Je, ufunguo huu ndio wenyewe? Usicheke, maana mtu mwenye haraka mara nyingi hutia ufunguo wa kufuli jingine. Je, umeingia mpaka mwisho? Usipoingia wote, ndani mna uchafu. Je, ufunguo umepinda? Uliopinda usiuzungushe.

Hatua ya 2. Legeza mzigo. Mtu mmoja au wawili wausukume mlango wa nyuma kwa bega, au wauvute mnyororo ili ulegee. Halafu usukume upinde wa kufuli kuelekea ndani ya mwili wake, na hapo ndipo ujaribu ufunguo. Mara nyingi kazi huishia hapa, wala hukuhitaji mafuta. Jihadharini na jambo moja: mlango ukifunguka huku mzigo umeuegemea, utaanguka kwa kishindo. Mtu asisimame nyuma yake, wala mtoto asikaribie.

Hatua ya 3. Safisha. Tumia mswaki wa zamani kuondoa tope penye tundu na penye miguu ya upinde. Kisha chukua pampu ya baiskeli, upulize hewa ndani ya tundu. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ya mtu ina unyevu, na tunataka kukausha.

Hatua ya 4. Tia mafuta mepesi. Mafuta ya cherehani yanafaa sana. Geuza kufuli ili tundu litazame juu, utie matone matatu au manne. Tia tone moja kila mahali ambapo mguu wa upinde huingia mwilini. Kama ndani mna tope gumu la grisi ya zamani, tangulia na matone machache ya mafuta ya taa ili kuilainisha, mbali kabisa na moto na sigara. Baadaye ufuatishe mafuta ya cherehani.

Hatua ya 5. Ngoja dakika 10. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu mikono haifanyi kitu. Lakini mafuta yanafanya kazi. Yanatambaa penye nafasi nyembamba ambapo mkono wako hauwezi kufika. Ukitaka, gongagonga mwili wa kufuli polepole kwa mpini wa ubao, kama mtu abishaye hodi, ili vijiti vitikisike.

Hatua ya 6. Tia ufunguo na kuutoa mara 10 bila kuuzungusha. Kila utokapo na uchafu, ufute kwa kitambaa. Kisha uzungushe kidogo kulia, kidogo kushoto, ukienda na kurudi. Tumia kidole gumba na kidole cha shahada tu. Vidole viwili visipotosha, kufuli halijawa tayari. Rudi hatua ya 2.

Hatua ya 7. Umejaribu yote na limekataa? Basi mwite fundi akate upinde kwa msumeno wa chuma. Kukata siyo aibu. Kufuli lililokatwa kwa utaratibu ni hasara ya kufuli moja. Kufuli lililopigwa nyundo nusu saa huharibu komeo, hupinda mlango, na mwishowe hukatwa vilevile. Fundi akitumia mashine ya kukatia chuma, ambayo hutoa cheche, ondoeni turubai karibu yake na msogeze mbali kila chombo cha mafuta.

MAMBO YASIYOFAA

Hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana sasa hatusemi habari za njegere tena. Twasema habari za maisha ya watu.

Usitumie petroli kusafishia kufuli. Usiwashe kiberiti wala karatasi chini ya kufuli ili kulipasha moto. Mlango wa nyuma wa lori hauko mbali na tangi la mafuta, na juu yake pana turubai na kamba, vitu vinavyowaka. Mvuke wa petroli hauonekani kwa macho, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka uukute moto. Sisi watu wa Morogoro twajua jambo hili kwa machozi. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la kubeba mafuta lilipinduka pale Msamvu. Watu wengi walikuwa karibu yake moto ulipolipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Wengi wetu tuna ndugu, jirani au rafiki aliyeguswa na siku ile. Basi mtu akikuambia, "Lete petroli kidogo na kiberiti, litafunguka," mwambie hapana, hata kama ni mkubwa wako.

Usimwage maji ya moto juu ya kufuli. Hulegeza kwa muda, lakini umeyaingiza maji mengine ndani. Mahali pa jalidi, maji hayo hupoa na kuganda tena. Hapa kwetu huzaa kutu. Ukiwa Makete na tundu lina barafu, afadhali upashe ufunguo joto mkononi au mfukoni, uutie polepole, uutoe, urudie mpaka barafu iyeyuke. Kisha likaushe kufuli na ulitie mafuta siku hiyohiyo.

Usitie mafuta ya kupikia. Siku za kwanza kufuli litazunguka vizuri, nawe utajisifu. Baada ya majuma machache mafuta hayo huwa kama gundi. Usitie oili chafu iliyotolewa katika injini, kwa maana ina masizi na chembe ndogo za chuma.

Na jambo la mwisho katika sehemu hii: usimfungie mtu nyuma ya lori chini ya turubai, hata kwa safari fupi, hata akiomba mwenyewe kwa ajili ya baridi. Kufuli likikwama, au lori likipata ajali, mtu huyo hana njia ya kutoka.

KAZI YA PILI YA PENSELI

Niliahidi kuwaambia habari za penseli. Ule unga mweusi wa ndani ya penseli, watu wengi huuita risasi, lakini siyo risasi. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Grafiti ni jamii moja na makaa, nayo ni laini na yenye utelezi. Paka kidole chako kwa penseli, usugue kidole na kidole. Mwaona utelezi wake?

Chonga penseli, usugue ncha yake juu ya msasa mpaka upate unga mwembamba. Uchovye ufunguo katika unga huo, uutie na kuutoa katika kufuli mara kadhaa. Unga wa penseli haugandi kwa baridi, wala haunasi vumbi. Wafaa sana kwa kufuli la mlangoni, la sanduku au la kabati, mahali pasipopigwa na mvua.

Lakini kwa kufuli la lori, linalonyeshewa, mafuta mepesi ni bora, kwa sababu hufunika chuma na kuzuia maji. Tena usivichanganye viwili hivyo. Unga na mafuta pamoja huwa tope, nasi tope ndilo tunalolikimbia. Chagua kimoja: mahali pakavu penseli, mahali pa mvua mafuta.

KINGA NI BORA

Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo anoe jembe. Vivyo hivyo, kufuli litunzwe kabla ya taabu. Kwa nchi yetu ya Morogoro, nawashauri mtie mafuta mara 3 kwa mwaka: mwanzo wa Oktoba kabla ya vuli, mwisho wa Februari kabla ya masika, na mwanzo wa Juni kipupwe kinapoingia. Walio upande wa mashariki wa Uluguru, kama vile Kinole na Matombo, mvua yao ni nyingi kuliko ya upande wa magharibi. Wao waongeze, hata kila mwezi.

Fungeni kufuli la lori tundu likitazama chini, ili maji yatoke yenyewe. Kateni kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, mkitundike juu ya kufuli kama kofia. Kabla ya kufunga mlango wa nyuma, pangeni mzigo vizuri ili usiuegemee. Dereva awe na ufunguo mmoja, na ufunguo wa pili uwekwe kwa mtu mwingine wa kuaminiwa, si katika mfuko uleule.

Na hapa ndipo elimu yenu ya kusoma na kuandika inapoingia. Fungua ukurasa mmoja wa daftari. Chora mistari upate safu tatu. Juu ya safu ya kwanza andika TAREHE. Ya pili andika KUFULI LIPI. Ya tatu andika KAZI ILIYOFANYWA. Kila utiapo mafuta, andika. Kichwa cha mtu husahau, daftari halisahau. Tena, ununuapo kopo la mafuta, usome maandishi yake kabla ya kulifungua. Ukiona maneno ya hatari, au picha ya mwali wa moto, ujue kitu hiki chawaka. Mtu asiyesoma hutambua hatari kwa kuungua. Wewe waweza kuitambua kwa kusoma.

MUHTASARI

Kwanza, kufuli hukwama kwa kutu, vumbi, baridi yenye unyevu, au kubanwa na mzigo. Pili, legeza, safisha, tia mafuta mepesi, ngoja, kisha zungusha kwa vidole viwili. Tatu, usitumie moto, petroli, maji ya moto wala mafuta ya kupikia. Nne, tunza kufuli kabla ya mvua na kabla ya kipupwe, na uandike tarehe.

MANENO YA KUJIFUNZA

Someni kwa sauti, kisha kila mmoja ayaandike mara tatu: kufuli, makufuli, ufunguo, funguo, upinde, kutu, unyevu, umande, jalidi, turubai, mnyororo, grafiti.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini chupa ya soda baridi hutoka jasho? Jambo hilo lahusianaje na kufuli?
2. Kufuli jipya limekataa kufunguka, na lori limejaa kabichi. Utafanya nini kwanza?
3. Mahali palipo mita 500 juu ya usawa wa bahari pana joto la nyuzi 28. Mahali palipo mita 1,500 patakuwa na joto la nyuzi ngapi, kwa kadiri?
4. Tuseme kufuli jipya ni shilingi 8,000 na kichupa cha mafuta ya cherehani ni shilingi 2,000. Bei ya kufuli moja lililovunjwa ingenunua vichupa vingapi vya mafuta?
5. Katika kisa cha sokoni, nani alivunja ufunguo, na nani alipata hasara? Jadilianeni: je, ni haki?

KAZI YA NYUMBANI

Tafuta kufuli moja nyumbani kwako au kwa jirani. Litazame, ulisafishe, ulitie mafuta au unga wa penseli kama tulivyojifunza. Kisha andika sentensi tano katika daftari ukieleza ulichokiona na ulichokifanya. Mlete madaftari kwa mwalimu kabla ya somo lijalo.

Ndugu zangu, muda wetu umekwisha. Juma lijalo, mkienda sokoni mkamkuta dereva ameshika plaizi mbele ya kufuli, msimcheke. Mwambieni aweke chini plaizi yake, nanyi mtoe bega mkasukume mlango. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.